Waya Iliyoingia Moyoni mwa Rehema

"Kabla yangu, hiyo waya ilipita kwa nani?" Dada yangu Rehema aliniuliza hivyo nyumbani kwetu Ndera, kando ya mto, ameegemea mlango, anahema. Nilikuwa na shahada ya fizikia, nikamwambia hayo ni ya daktari.

Nilitoka Nairobi kumchukua. Moyo wake ulikuwa na tundu kati ya vyumba vya juu, na daktari mmoja Mombasa alikubali kumpima bure. Wangempitishia mshipani, kuanzia kwenye kinena, mrija mwembamba, ule aliouita waya, wenye kifaa cha ultrasound, cha kupiga picha kwa mawimbi ya sauti, kwenye ncha. Daktari huzungusha kitasa, ncha inageuka ndani ya moyo, picha inatokea kwenye kioo cha mashine. Bila picha, hakuna operesheni.

Asubuhi tuliondoka. Mvua za El Niño zilikuwa zimeikata njia, ikabidi tuazime mtumbwi wa jirani, Mzee Komora. Rehema alikataa kupanda.

"Nani aliutumia mwisho?"

"Shemeji yako. Aligonga kisiki, hapa ubavuni," alisema mzee, akapapasa pale mahali. "Hauvuji. Panda, mama."

Kwetu ndivyo ilivyo. Anayerudisha mtumbwi husema uligonga wapi, na anayeazima huuliza, kwa sababu ufa hujionyesha mkiwa katikati ya mto. Siku hiyo niliona ni kupoteza muda.

Garsen tulifika kwa lori la maembe, tukakuta mabasi yamepangwa yakingoja askari wa kuyasindikiza. Wale askari walikuwa wameenda kusindikiza gari la mkubwa mmoja. Nilimwendea polisi aliyebaki.

"Nina mgonjwa wa moyo."

"Mweke kivulini. Huko mbele kuna majambazi, shifta wenye bunduki, hawaulizi moyo."

"Na huyo mkubwa anaumwa nini?"

"Wewe umesoma sana," alisema, akageukia chai yake. Tuliondoka askari waliporudi, jua likiwa utosini.

Mombasa, kesho yake, Rehema alimuuliza daktari lile lile swali. Daktari alicheka.

"Usiogope, mama. Vitu vyetu vinaoshwa vizuri."

"Vinaoshwa?" nikadakia. "Kitu kipya kinaoshwa kwa nini?"

"Wewe ni daktari?"

"Hapana."

"Basi ngoja nje."

Nilingoja nje. Alipotoka, alikuwa anavua glavu bila kunitazama. "Mgonjwa wako hakutulia. Picha hazikupatikana."

Rehema alinisimulia kitandani, kwa sauti ndogo. "Nilitulia kama gogo. Yeye ndiye alikuwa anazungusha kile kitasa, anazungusha, anatukana. Kitu hakigeuki."

Nilirudi ofisini kwake. Mlango ulikuwa umefungwa. Karani akaniambia niandike barua, na kwamba watu wa bure wana maneno mengi.

Tulirudi kwa njia ile ile, mwisho tukavuka kwa mtumbwi ule ule. Ukingoni mwa mto, Rehema alishuka kwa kushikwa mkono, akasimama kwanza apate pumzi, ndipo akamwambia Mzee Komora, "Hatukugonga kitu." Mzee akaitikia, akaufunga mtumbwi.

Tulimzika Rehema kabla ya msimu wa kupanda mpunga. Watu walisema ni kazi ya Mungu. Mimi sikusema hivyo, na mama akanikasirikia.

Miaka mingi baadaye nilipata kazi ya kutengeneza vifaa vya hospitali, nikashika mrija kama ule, ungali ndani ya pakiti yake. Ncha huvutwa na nyuzi nyembamba sana zilizopita ndani kwa urefu wote. Zikichoka au kukatika, kitasa huzunguka bure. Kwenye pakiti imeandikwa kwamba ni wa mgonjwa mmoja, mara moja, kisha utupwe. Nilimtafuta muuguzi aliyekuwa chumbani siku ile, nikamuuliza swali la Rehema. Hakukumbuka majina. Alikumbuka kwamba baada ya kila mgonjwa aliuosha ule mrija na kuutundika ukauke, maana hospitali nzima ilikuwa na mmoja tu.