Jinsi nilivyomfunga karani kwenye ukuta wa ghala la kahawa, Kanazi

Wakuu, habari zenu. Shikamoo zenu nimezipokea mapema, maana nimeshavuka themanini. Mjukuu ndiye anayebonyeza simu ila maneno ni yangu, na chumvi sitaongeza.

Nimesomewa uzi humu, vijana mnaulizana namna ya kumfunga mtu anayekuzidi kwenye squash. Nikacheka. Sisi tulicheza mchezo kama huo kijijini kwetu Kanazi enzi za Mwingereza, hata jina hatulijui.

Unapiga mpira ukutani. Ukidunda mara mbili mwenzako hajaupiga, pointi ni yako. Ukuta ulikuwa wa ghala la kahawa na uwanja ni ile sakafu ya saruji ya kuanikia. Tulikuwa na mpira wa tenisi mkuukuu na vibao vya kuchonga.

Wanaume walicheza kila Jumamosi jioni, kahawa ikishazolewa. Sisi wasichana, tulioigeuza juani kutwa nzima, tulikaa pembeni kutazama. Iliniuma sana.

Bingwa alikuwa Kamugisha, karani wa ghala. Mrefu, mkono mzito, viatu vya ngozi vinang'aa. Siku moja nikamwambia kwa heshima ya kwetu, "Karani waitu, na sisi tunaomba kucheza."

"Koku, ukinifunga, Jumamosi zote ni zenu," akasema, wenzake wakicheka. "Nikikufunga, ombi hilo nisilisikie tena."

Kwa nguvu nisingemweza. Lakini sakafu ile nilikuwa naifagia mimi. Nyuma kushoto saruji ilikuwa na ufa, mpira ukiangukia pale hauinuki. Na vumbi la maganda ya kahawa humtelezesha mwenye viatu. Mimi nilikuwa pekupeku.

(Niliahidi ukweli, wakuu: siku hiyo kona ile niliifagia juu juu.)

Akaanza kwa kishindo, tisa kwa tatu. Mimi nikawa napiga taratibu, juu, mpira ukafie kule kushoto. Kule ilibidi apige backhand, yaani kwa mgongo wa mkono, na backhand hakuwa nayo. Nikishapiga narudi katikati upesi.

Akaanza kuteleza, kisha kuhema, kisha hasira zikampanda akawa anapiga nje. Nilimaliza kumi na tano kwa kumi na tatu. Nililia, sioni haya kusema.

Jumamosi iliyofuata tukaingia wasichana sita. Mara namwona karani amesimama ukingoni, pekupeku, viatu mkononi.

"Koku, naomba na mimi zamu."

Akapanga foleni nyuma ya wote. Zamu yake ilipofika alinifunga kumi na tano kwa mbili.

Nilichojifunza: anayekuzidi mpeleke kwenye sakafu unayoijua wewe, na ujue ujanja huo utakufaa mara moja tu.

Mwaka jana nilipita pale. Ghala halina paa, ila ufa upo. Nilivua ndala nikasimama juu yake, mjukuu akauliza kama nimechoka. Nikamwambia anisubiri kidogo.

Haya, nanyi semeni mlimfungaje aliyewazidi. Na kama yupo aliyefagia juu juu kama mimi, akiri hapa hapa.