Kiti cha Mama Kwenye Boti

Baba alipoachana na injini ya petroli na kuanza kuvusha watu kutoka Kau hadi Kipini kwa boti ya betri, mama alijichagulia kiti bila kumuuliza mtu. Alikaa juu ya sanduku la betri, nyuma kabisa, ubavuni mwa baba. Magoti yake hayakunjiki vizuri, na mbao za abiria ziko chini mno. Kila siku ya kliniki ya sukari alipanda pale, baba akishika usukani na kugonga ubavu wa boti kwa kafi ili viboko wasikie, maana mota hiyo haina kelele.

Nilikipenda kiti kile kuliko mama mwenyewe. Wazazi wangu hawakuwahi kushikana mikono mbele za watu, na ni pale tu nilipowaona wamekaribiana mchana kweupe.

Shida ni kwamba mama alilihurumia sanduku. Alihisi joto lake, akafanya kile ambacho kila mwanamke wa kwetu huufanyia mtungi wa maji: akalifunika gunia bichi. Baba aliona, akaliacha hivyo. Nadhani alifurahi kuona boti yake inatunzwa.

Mkaguzi wa vyombo vya majini alipokuja, alilifunua gunia taratibu. Vichwa vya nyaya vilikuwa vimeota kutu ya kijani, na matundu ya hewa yameziba.

"Nani kaweka hili?"

"Mimi," mama akasema. "Lilikuwa na joto, mwanangu."

"Mama, hili si la kumwagia maji. Nyaya zikiharibika, betri inaweza kuwaka moto mko katikati ya mto." Akamgeukia baba. "Mzee, leseni utapata ukisafisha hapa, na sanduku likae kavu na wazi. Mtu asilikalie. Na kila abiria avae jaketi la kuokolea. Wewe mwenyewe uhakikishe limefungwa."

Alisema kwa adabu, lakini mama aliona aibu mbele ya abiria wote. Akaapa hapandi tena. Kliniki ikampita, dawa zikamwishia, miguu ikaanza kuvimba. Nikatoka Garsen mbio kuja kumgombeza. Nilimgombeza kweli, maneno mengi ya kipuuzi, kwa sababu niliogopa kumpoteza. Akanisikiliza huku akichambua mchele, kisha akaniuliza kama nimekula.

Baba akaenda botini. Alisafisha nyaya, akapata leseni. Halafu akang'oa kiti chake mwenyewe, kile cha juu chenye egemeo, akakipigilia upande wa pili wa sanduku. Yeye akajiwekea kipande cha ubao. Asubuhi ya kliniki nyingine akasimama mlangoni.

"Mama watoto, boti inakungoja."

"Nikae wapi?"

"Pangu."

Mama akanyanyuka, akavaa leso yake nzuri.

Botini watu walishajaa. Mama alivaa jaketi, lakini vifungo vilimshinda. Sukari imemwibia hisia za vidole. Nilitaka kumsaidia, nikakuta baba keshapiga magoti. Mbele ya wasengenyaji wote wa Kau alifunga kifungo cha kwanza, akafunga cha pili, akaitoa leso shingoni isimbane.

"Mzee, na sisi utatufunga hivyo?" mmoja akachokoza.

"Nyinyi vidole mnavyo," baba akajibu bila kugeuka.

Mama alikuwa anatazama majini, mashavu yamemjaa tabasamu. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia, "Kaza kidogo. Bado limelegea."