Ukuta wa Kompyuta ya Senje Mwajuma

Ipo asubuhi moja ya ujana wangu ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu. Nilimkuta Senje Mwajuma, dada yake baba, ameketi mbele ya kompyuta yake nyumbani Mayoni, mikono imelala mapajani. Hakuwa analia. Aliniambia tu nitazame. Pale palipokuwa na maneno yake ya Kiwanga, lugha yetu, kazi ya miaka mingi, palijaa alama zisizosomeka.

Umeniuliza kama ununue programu ya ukuta, hii mnayoiita fayawoli, uiweke kwenye kompyuta yako ya nyumbani. Nitakujibu, na sitakuzungusha. Lakini nataka kwanza ujue jibu langu limetoka wapi.

Senje alikuwa mwalimu mstaafu. Badala ya kupumzika, alijipa kazi ya kuwazungukia akina nyanya wa Matungu na Mumias, akiwauliza maneno ambayo sisi vijana tulikuwa tumeanza kuyasahau: majina ya nyasi za kuezekea, ya vyungu, ya kila hatua ya harusi. Aliyaandika kwenye kompyuta, herufi baada ya herufi, ili yawe kamusi. Mimi nilikuwa chuoni, na kila likizo nilikwenda kumsaidia kuchapa. Mtandao wenyewe ulipitia waya wa simu ya mezani, wa polepole, lakini ulitufikia.

Kaka yangu Swaleh, aliyekuwa akisomea uhasibu Nairobi, alimpenda Senje kama mama. Alisikia habari za wezi wa mitandaoni, akaogopa. Akaja na sidii aliyopewa na rafiki, yenye programu ya ukuta iliyosifiwa sana. Kompyuta ilikuwa na ukuta wake tayari, uliokuja nayo kutoka dukani. Kuta hizo mbili zikagombana, mashine ikawa inaganda, basi Swaleh akauzima ule wa kwanza. Sote tulifurahi. Kwenye skrini palikaa picha ya ngao nyekundu, na kuiona tu kulitupa amani.

Tabu ikawa maswali. Kila mara lilichomoza dirisha dogo: programu fulani inataka kuingia mtandaoni, je, ruhusu au kataa? Majina ya programu zenyewe hayakueleweka. Senje alipojaribu kukataa, barua pepe zake ziligoma. Akampigia Swaleh simu.

"Hii kitu inaniulizanga kila saa," alimwambia. "Mimi nitajuaje?"

Swaleh akamwambia abonyeze Ruhusu, kazi iendelee. Akawa anabonyeza. Nami ilipokuwa zamu yangu, nilibonyeza vivyo hivyo.

Kisha ikaja barua pepe yenye jina la mtu anayemfahamu, na faili imeambatishwa. Senje akaifungua. Dirisha likauliza swali lake la kawaida, naye akajibu jibu lake la kawaida. Asubuhi iliyofuata ndiyo hiyo niliyokusimulia.

Swaleh alipopata habari alipanda gari akaja. Hakula hata obusuma, ule ugali aliopikiwa. Alitaka aweke programu nyingine, kubwa zaidi, ya kununua. Senje alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kwa upole, "Huo ukuta mpya utafanya nini ambacho ule wa kwanza haukuwa unafanya?"

Swaleh akakiri. "Sijui, Senje."

"Basi hatuuweki mpaka tujue. Beba mashine, twende Kakamega."

Huko mjini tulimpata fundi mmoja, binti aliyeitwa Nekesa. Aliikagua mashine mchana kutwa. Alituambia kwamba ule ukuta uliokuja na kompyuta ungetosha kuwazuia wanaobisha hodi kutoka nje, laiti ungeachwa ukiwa umewashwa. Ukuta wa kampuni nyingine una faida yake, hasa kwa anayetaka kuchagua ni programu gani itoke na ipi isitoke, mradi awe anaelewa anachoulizwa na aupate kwa waliouunda wenyewe, si kwenye sidii ya mkono kwa mkono. Halafu akamgeukia Senje.

"Hakuna aliyeuvunja ukuta wako, mama. Kirusi kilikuja ndani ya ile faili; ukuta wenyewe uliuliza, ukaambiwa uruhusu."

Faili hazikurudi. Tuliokoa herufi za mwanzo za kamusi tu, kwa sababu Senje alikuwa amempelekea nakala rafiki yake mwalimu kule Lugari azisome. Zilizobaki zilipotea zote.

Hapo ndipo nilipomjua shangazi yangu. Jumatatu alifunga kitambaa chake, akaniambia nivae viatu, tukaanza upya. Nyumba kwa nyumba, salamu kwa salamu. Baadhi ya wale nyanya walikuwa wametangulia mbele ya haki, na maneno yao mengine hatukuyapata tena. Tulipofika kwenye milango hiyo, Senje alisimama, akasoma Fatiha, kisha tukaendelea. Kila Ijumaa Swaleh alimpigia simu kumkumbusha atoe nakala. Kamusi ilimalizika. Ni nyembamba kuliko ilivyostahili, lakini watoto wa huku wanaisoma.

Sasa nasaha yangu, mwanangu, na ushike hivi. Ukuta uliokuja na kompyuta yako uwashe, na usiruhusu mtu auzime. Mashine ikikuomba isasishwe, ikubalie. Faili usiyoitarajia usiifungue, hata ikija na jina langu, nipigie kwanza. Kazi yako unayoipenda iwekee nakala mahali pengine, nje ya mashine na nje ya nyumba. Baada ya hayo, ukitaka ukuta wa kununua, nunua, lakini uwe tayari kukaa chini na kuelewa kila unachoulizwa. Kama hutaki kujifunza, bakia na ule ulio nao. Kuta mbili zinazogombana hazitakulinda vizuri kuliko mmoja unaofanya kazi, na kitufe cha Ruhusu usikibonyeze kwa sababu umechoka.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe subira ya kusoma kabla ya kujibu, akuhifadhie kazi ya mikono yako, na siku ikiharibika, akupe nguvu za kuvaa viatu na kuanza upya. Amina.