Taa Iliyomkaribisha

Wateja walimwita Mama Picha, ingawa enzi za uhai wa mumewe hakuwahi kushika kamera hata kwa utani. Kazi yake ilikuwa kuwanyoosha watu kola na kuleta chai ya alasiri. Mume akimwona mlangoni na birika, alibonyeza kitufe cha ile taa kubwa ya studio, paa! Chumba kizima kikawa cheupe. "Karibu, malkia," alisema, naye akamjibu, "Siku moja utanipofusha, mzee wewe."

Mume alipofariki, kamera yake kubwa nayo iligoma. Mjane akanunua ndogo ya dijitali, ya kutia mfukoni, isiyo na hata pa kuchomeka waya wa taa. Haikuhitaji. Taa ilikuwa na jicho dogo kwa nyuma: likinasa mwanga wa flashi, nayo inalipuka papo hapo. Kamera ilitoa mwanga kiduchu, taa ikaitika kwa kishindo, na picha za pasipoti zikatoka safi. Mama Picha akajiona naye ni fundi.

Kisha taa ikaanza kuwaka yenyewe.

Mara ya kwanza alikuwa anaingia na birika, kamera iko mezani, imezimwa. Paa! Chai ikammwagikia miguuni wala hakusikia moto. Kesho yake tena, wakati ule ule wa chai. Alipotulia aligundua kwamba haogopi. Alikuwa na furaha. Tangu hapo akawa analeta vikombe viwili.

Walioogopa ni wateja. Bibi harusi mmoja alitimua mbio, shela mkononi, na mtaa mzima ukajua kwamba pale marehemu bado yuko kazini. Wifi yake akaja amevimba kwa hasira.

"Funga hii studio, wifi. Mwache kaka yangu apumzike."

"Kwani mimi ndiye ninayemwita? Si anakuja mwenyewe!"

Wifi akageuka, akaenda zake. Lakini benchi la wateja lilibaki tupu, na hilo Mama Picha aliliona.

Alasiri moja akaingia jirani wa ng'ambo ya barabara, fundi wa mageti aliyehamia pale baada ya msiba. Alitaka picha ya leseni. Wakati wa chai ukafika, ukapita, taa kimya.

"Leo hajaja," Mama Picha alisema, akikitazama kikombe cha pili. "Labda amekuonea haya."

"Nani?"

Akamweleza. Fundi alicheka, kisha akaacha. Akaitazama taa, akalitazama dirisha lililo nyuma yake, wazi kuelekea karakana.

"Mama, baki hapo hapo. Usiguse kitu."

Akavuka barabara. Kupitia dirishani Mama Picha alimwona akivaa kinyago cha kuchomelea na kuinamia geti. Mwanga wa buluu ukaruka. Paa! Studio ikawa nyeupe.

Fundi alirudi na aibu ya mtu aliyevunja sahani ugenini. "Nisamehe, mama. Asubuhi nakata vyuma, jua likipungua ndio nachomelea. Nitaweka bati upande wangu, hutasumbuliwa tena."

Mama Picha alitaka kumwambia asiliweke. Lakini bila wateja studio ingekufa, na studio ndiyo pekee aliyoachiwa na mumewe.

"Weka, mwanangu."

Wateja wakarudi, na bibi harusi yule akaja kupigwa picha akicheka. Taa ikashika adabu. Ila kila alasiri kimya kile kilimuuma kuliko siku ya mazishi, kwa sababu safari hii hakukuwa na wa kumpa pole.

Siku moja aliingia na birika, akapanga vikombe viwili, akafunga mlango. Akaichukua kamera ndogo, akaielekeza kwenye kiti kitupu, akabonyeza.

Paa!

"Asante, nimeshakaribia," alisema. "Siku moja utanipofusha, mzee wewe."

Akaketi, akamimina chai.