Kinywa cha Baba Mkwe

Mjukuu wangu anasomea shahada ya usafi wa kinywa na meno chuo kikuu, na kila akija likizo hapa Ihembe hunisimamia nikipiga mswaki. "Bibi, taratibu, utaumiza fizi." Mimi! Mimi niliyekuwa nakwangua ukoga wa watu kabla mama yake hajazaliwa! Shahada sina, nakubali. Nina karatasi moja tu ya miaka ya hamsini, imeliwa na mende pembeni, na ukitaka tugombane, iguse.

Tulikuwa wanafunzi wanne kwenye hospitali ya misheni, wavulana watatu na mimi. Mafunzo yalikuwa ya miaka miwili. Daktari wa meno, Mzungu mmoja asiyejua kucheka, alimpa kila mtu taya la ng'ombe kutoka machinjioni, na miezi mitatu ya kwanza hatukugusa kinywa cha binadamu. Tulikwangua ng'ombe. Ukimkwaruza ng'ombe wako jino, unapewa taya jingine unaanza upya. Wavulana walinicheka eti nimetoka migombani kuja kufuga mifupa. Nikawaacha wacheke. Kufika Pasaka ni mimi niliyekuwa naitwa mbele kuwaonyesha namna ya kushika kile chuma chembamba: kidole cha pete kiegemee jino la jirani, mkono usije ukateleza ukachoma ufizi. Najisifu, ndiyo. Nani mwingine atanisifu, na wale watatu wote wamekwisha kufa?

Kazi ilikuwepo tele. Kwetu mgeni hukaribishwa kwa akamwani, kahawa ya kutafuna, na wazee walikuwa wakitafuna na kuvuta kiko juu yake. Ukoga uliganda kwenye meno yao, mweusi kama masizi ya chungu.

Tatizo langu halikuwa masomo. Nilikuwa nimechumbiwa na mwalimu wa shule kule Kituntu, na posa ilikwisha kupokelewa. Mwalimu mwenyewe hakuwa na neno. Baba yake ndiye aliyechoka kungoja. Aliita masomo yangu "kutia watu vidole mdomoni", akatuma ujumbe kwa baba yangu: nitamngoja mpaka mtihani wa mwisho, akishindwa hakuna kurudia, aje aolewe akae nyumbani. Baba akakubali. Miaka miwili yangu yote ikawa imening'inia kwenye siku moja.

Siku hiyo kila mwanafunzi alitakiwa alete mgonjwa wake mwenye ukoga mgumu, amsafishe mbele ya daktari mgeni aliyekuja kutoka Bukoba. Wangu alikuwa mama mmoja jirani yetu, mvuta kiko hodari, aliyeniapia kwamba atakuja. Asubuhi ile senene, wale panzi watamu wa kukaanga, wakaanguka Ihembe. Mungu wangu! Nani aache senene aende kukwanguliwa meno? Leo simlaumu, hata mimi ningekuwa huko na ndoo yangu. Lakini siku ile nilimlaani yeye na kiko chake.

Wenzangu walimaliza mmoja mmoja. Daktari mgeni akatazama benchi la wagonjwa nje, akamnyooshea kidole mzee mmoja aliyeshika shavu. "Yule pale. Mlete."

Nikageukia ukutani. Alikuwa baba mkwe wangu. Fizi zilikuwa zinamtoka damu, amekuja kutibiwa, wala hakujua kwamba mtihani ni leo.

Kwetu mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani. Mkikutana njiani, wewe unaingia migombani mpaka apite. Mkiwa na neno, mnalipitisha kwa mtu wa tatu. Sasa mimi nimkamate taya? Nikamweleza daktari. Akasema anaheshimu mila, ila bila mgonjwa hakuna cheti, nijaribu mwakani.

Mwakani! Hasira zikanipanda mpaka machozi yakanitoka. Nikafunga kitambaa cheupe cha kazi, kikanifunika pua na mdomo. Kile cha kichwani nikakishusha mpaka kwenye nyusi, yakabaki macho tu. Nikajibanza nyuma ya mlango, nikamsimamisha mwenzangu mmoja kizingitini apeleke maneno. Kwanza akamweleza mzee ni nani aliye nyuma ya mlango na kwamba mtihani wangu unamngoja yeye.

"Mwambie mzee nimejifunika kuliko bibi arusi."

"Na mkono je?" mzee akajibu kutoka kwenye benchi, hata kabla hajaambiwa. "Mkono wa mke wa mwanangu uingie kinywani mwangu?"

"Mwambie nikishaolewa kwake, kila siku atakula ndizi nilizomenya na kupika kwa mkono huu huu. Zitakuwa zinaingia wapi?"

Benchi zima likaangua kicheko. Nikajua nimejimaliza. Binti gani anamjibu mkwewe hivyo mbele za watu? Kisha nikamsikia anainuka.

"Ala! Ana maneno huyu," akasema. Akaingia amefumba macho, mwenzangu amemshika mkono. Akakaa kitini, akafungua kinywa.

Nilifanya kazi saa nzima bila kuinua kichwa. Ukoga ulitoka vipande vipande, damu ikatoka, mzee akakamata kiti kwa mikono miwili lakini hakuguna. Daktari mgeni alikuja na kioo chake kidogo, akapita jino kwa jino. Akaona kipande kimoja nyuma ya gego la chini, akanionyesha, nikakitoa. Akapita tena. Halafu akaandika.

"Kasema nini?" mzee akamwuliza mwenzangu, macho bado yamefumbwa.

"Amefaulu, mzee."

Akasukutua, akatema, akanipa mgongo kama adabu inavyotaka, akatoka nje. Nikamsikia anasimama mbele ya benchi.

"Tazameni," akawaambia, na nadhani alikuwa amewafungulia kinywa. "Tazameni vizuri. Hii ni kazi ya mke wa mwanangu."

Mama mmoja akamwuliza kama inauma.

"Inauma sana," akasema. "Ingia."