Nilitumwa Kuwasha

Juzi nilirudi kwenye shule niliyosoma, kule Mabatini, safari hii nikiwa mgeni mwalikwa. Mwalimu wa malezi alitaka mtu mzima wa kuzungumza na darasa la saba kuhusu sigara, na mimi, mwanamke wa maneno mengi, sikujivunga. Nikawaambia niliacha kuvuta nikiwa na miaka kumi na minne. Wakacheka. Msichana wa dawati la mbele akauliza nilianzaje, ni kundi gani baya lililonishawishi. Nikamjibu kwamba hakukuwa na kundi, nilitumwa. Mwalimu akanitazama kama mtu aliyevurugiwa somo. Kengele ikalia kabla sijaeleza, basi ngoja nikueleze wewe.

Nililelewa na bibi mzaa mama, mzaliwa wa Nansio, kule kisiwani, aliyeletwa Mwanza na ndoa, ujane ukamkuta kwenye nyumba ya vyumba viwili juu ya mawe. Kutoka mlangoni tuliliona ziwa, na mchana joto la mawe lilipenya hadi kwenye kandambili. Bibi alikuwa mchapakazi, mkali, na alivuta sigara. Tena alivuta kama wanawake wa visiwani wa rika lake: upande wenye moto anauingiza mdomoni, anafumba midomo, anaendelea na kazi. Alisema hiyo ni akili tu, mikono inabaki huru na jivu halidondoki kwenye dagaa. Ulimi wake haukuungua hata siku moja, ingawa majirani walisema wao ndio waliokuwa wakiunguzwa nao.

Sasa kazi yangu. Bibi akiwa uani anachambua dagaa, mikono imejaa mchanga, aliniita, akanielekeza sigara ilipo, nami nikaenda kuiwasha kwenye mkaa wa jikoni. Watoto wengi mtaani kwetu walitumwa hivyo na wazee wao, na hakuna aliyeona tatizo. Ilikuwa adabu, sawa na kumletea mkubwa maji ya kunawa. Lakini sigara haiwaki kwa kuangaliwa. Lazima uivute, mara mbili, mara tatu, hadi ncha iwe nyekundu. Nilianza na miaka minane, kwa kikohozi na machozi. Nilipofika darasa la sita nilikuwa nakawia jikoni, na sigara ilifika uani imepungua. Bibi akawa analalamika kwamba sigara za siku hizi ni fupi, viwandani wanatupunja.

Darasa la saba nilikuwa na hamu yangu mwenyewe. Nilichomoa moja kwenye kikopo cha bibi, nikaivutia nyuma ya jiwe kubwa, kisha nikatafuna majani ya mpera kuua harufu. Nilijiona mjanja kweli. Kumbe mwalimu wa sayansi, mama mmoja mwenye miwani, hakuwa na shida na midomo yetu. Baada ya mapumziko alipita safu kwa safu akinusa vidole, na mpera hausaidii vidole. Hakunichapa. Aliniambia jioni tutaongozana hadi nyumbani.

Tulipanda mawe, mwalimu anahema, mimi naomba ardhi ipasuke. Tukamkuta bibi kwenye mkeka, midomo imefumbwa, anachambua mchele. Mwalimu akamwamkia shikamoo. Bibi akaitikia marahaba na moshi ukamtoka puani. Yale maneno mwalimu aliyokuja nayo yote yalimpotea, akabaki kusema tu kwamba mjukuu anavuta sigara. Bibi aliruka juu. Alifoka kwa Kikerewe na Kiswahili, kandambili mkononi, anataka nimtaje aliyenifundisha uchafu huo aende akamng'oe meno.

"Ni wewe, bibi," nikasema. "Kila ukinituma kuwasha."

Sikusema kwa ujeuri, nilisema kwa woga. Mkono wenye kandambili ulishuka taratibu. Akaitoa sigara mdomoni, akaigeuza, akaitazama ile ncha, akakaa chini. Mwalimu aliaga kwa sauti ya mtu aliyetoka msibani. Bibi alizoea kuwasuta majirani kwa msemo wake, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Tangu jioni ile sikuusikia tena kinywani mwake.

Kesho yake alitangaza kwamba atajiwashia mwenyewe, akadhani yamekwisha. Lakini mkono wangu ulishazoea kikopo, na wiki haikuisha akanifuma nyuma ya jiwe. Nilifumba macho nikingojea kofi. Akakaa kando yangu, akaninyang'anya ile sigara, akaizimia kwenye mwamba.

"Sikia," akasema. "Mimi nikivuta, na wewe vuta. Mimi nikiacha, na wewe uache. Tuone nani mwanamke."

Mwenzangu, bibi alikuwa amevuta tangu kabla hajamzaa mama yangu. Wiki zile hakushikika. Usingizi ulimkataa, aligombana na kila aliyepita hadi jogoo wa jirani. Akaagiza michembe kutoka Nansio, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, badala ya kuipika akawa anaitafuna mikavu kutwa nzima. Nami nilitafuna naye mpaka taya zikaniuma. Hamu iliponishika nilimtazama anavyohangaika kwa ajili yangu, nikaona aibu kunyanyuka.

Kisha kukatokea msiba kwa jirani. Wazee wenzake walikaa uani wakivuta, mmoja akampa bibi sigara. Nilikuwa nimesimama na sufuria nikaona anaipokea, anaizungusha vidoleni. Roho iliniuma, nikajua akiiweka mdomoni nami nimerudi nyuma ya jiwe siku hiyohiyo. Akaniita kama zamani, akaninyooshea mkono wenye sigara.

"Nenda nayo jikoni," akasema. "Kaitumbukize yote motoni."

Niliitupa katikati ya mkaa, nikarudi nyuma hadi ukutani ili moshi wake usinifikie. Nilipotoka, bibi alikuwa ananitazama. Hakunituma sigara tena, nami sijavuta mpaka leo.

Bibi alishatutoka. Nyumba imejengwa upya kwa matofali, jiwe lipo, na watoto wa mtaa ule hawatumwi tena kuwasha sigara ya mtu. Hilo nafurahi, na shuleni wakiniita kesho nitakwenda. Ila kuna jambo nisingewaambia wale watoto hata kengele isingelia. Nikipita mahali bibi kizee anavuta, napunguza mwendo, nasikiliza kama nitaitwa.