Mlinzi wa Mazalia

Mama Moshi alipewa jina hilo na majirani kwa sababu ya tanuri zake za kukaushia samaki; ungemjua kwa pua kabla ya macho. Ndiye aliyejifunga kibwebwe mpaka ghuba ya matete, mazalia ya samaki wa ziwa lile, ikafungwa isivuliwe. Wavuvi walimnunia. Wasije wakasema anawafunga wenzake mikono huku yeye anaponda raha, akazima tanuri zake karibu zote. Ulinzi wa ghuba akamwombea mdogo wake wa kiume, aliyemlea tangu mama yao alipofariki.

"Huyu nimemlea mimi," aliuambia mkutano. "Mkimtilia shaka, mmenitilia shaka mimi."

Mwaka wa kwanza mvua ikagoma, matete yakabaki kwenye tope kavu, vifaranga vya samaki havikuonekana. Wa pili vivyo hivyo.

"Ni maji, dada," alisema mdogo wake kila alipoulizwa. "Yasipopanda, samaki watataga wapi?"

Mama Moshi aliyabeba maneno hayo kwa wavuvi, akasutwa, akarudi nyumbani roho imesinyaa. Hapo ndipo mdogo wake alipokuwa akimletea samaki mnene, tumbo limejaa mayai, eti kamnunua ng'ambo ya ziwa. Mayai yale yakikaangwa, Mama Moshi hakuwa na adabu. Alikula mpaka akalamba vidole, kisha akamwombea mdogo wake dua. Ukishampenda mtu unakuwa kipofu kwa hiari yako, na hakuna daktari wa macho hayo.

Mwaka wa tatu mvua haikuwa na mzaha. Ziwa likapanda mpaka katikati ya matete. Mama Moshi alikunja nguo, akaingia na chandarua, akachota na kuchota. Alipata konokono na vyura. Kifaranga hata cha kusingizia hakikuwepo.

Bwana samaki, ofisa wa uvuvi, alikuja na pikipiki yake inayokohoa, naye akachota.

"Maji ya mwaka huu hayana kosa, mama. Ile miaka ya ukame, hata wazazi wangekuwa tele, vingepona vifaranga vichache. Sasa kitanda kimetandikwa, wa kulalia hayupo. Samaki wazazi wamevuliwa."

"Na nani? Hapa kuna mlinzi."

Bwana samaki akarudi kwenye pikipiki yake.

Mama Moshi alimkuta mdogo wake nyuma ya nyumba, anakunja wavu uliolowa.

"Wale samaki uliokuwa ukiniletea, uliwatoa wapi?"

"Ghubani, dada." Hakuinua uso. "Wengine niliuza. Wenye mayai nilikuwekea wewe, maana uliwapenda."

Alitaka kumzaba kibao, mkono ukakataa. Alichoweza ni kulia, kwa hasira na kwa kinyaa cha tumbo lake mwenyewe.

Kesho yake wavuvi walikutana, wakataka ghuba ifunguliwe. Mama Moshi alisema yote; hakumficha mdogo wake wala sahani yake. Akaomba mwaka mmoja tu, wazazi wachache waliobaki watage maji yangali mazuri.

Muuza nyavu, shoga yake wa siku zote, akamuuliza taratibu, "Na safari hii atalinda nani, shoga? Kama uliyemlea mwenyewe kakuzunguka, sisi tumwamini nani?"

Mama Moshi aliwatazama mmoja mmoja, asipate wa kumtaja. Kabla ya adhuhuri mitumbwi ilikuwa imeshaingia kwenye matete.